Lenzi mpya ya 600, picha zote laini: tatizo lilikuwa wapi hasa

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja ninayepiga naye picha za ndege mara nyingi alipata lenzi ya zumu ya milimita 150-600, ile ambayo ukifika mwisho apecha yake (tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) inakuwa 6.3, akaifunga kwenye kamera yake ya senzori ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili) megapikseli 24, isiyo na kioo cha kuakisi ndani, yaani mirrorless, akatoka nayo kwenda kuijaribu na akarudi amekata tamaa kabisa. Picha nyingi sana na hakuna aliyoipenda. Akaniandikia: "Kaka, hii lenzi mbovu, narudisha nilikoitoa." Nikamwambia dada subiri kwanza, usirudishe kitu, nitumie mafaili yenyewe kama yalivyotoka kwenye kamera, hizi za WhatsApp zinabanwa zikipita huko na hapo hatuwezi kusema lolote la maana kuhusu ukali wa picha.

Nakiandika kwa kirefu maana naona kinajirudia sana. Zamani kufika 600 ilikuwa mambo ya wachache wenye yale malenzi makubwa ya milimita zisizobadilika, halafu mwishoni mwa 2013 Tamron wakatangaza 150-600 yao, 2014 Sigma wakaja na zao mbili, 2019 Sony wakatoa 200-600, 2023 Nikon wakaleta 180-600, kwa hiyo siku hizi mtu anatoka kwenye lenzi ya 200 au 300 moja kwa moja anaingia kwenye 600 na hamna anayemwambia kwamba huku mambo yanabadilika. Mtu anapiga vilevile alivyozoea, picha zinatoka laini, lawama zote zinaenda kwenye lenzi. Na kweli kuna lenzi mbovu, hilo sikatai, ndo maana kuchunguza ni muhimu, usije ukairudisha nzima au ukabaki na mbovu miaka mitano.

Nilipofungua mafaili kitu cha kwanza nilichofanya sikuangalia lenzi kabisa, niliangalia ubaya wenyewe ukoje. Hapa ndo pana siri yote ya kazi hii kwa maoni yangu. Watu wanasema "picha haiko shapu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wakati picha laini zinatofautiana, na ukikuza mpaka asilimia 100 ukatulia utaona kila moja ina alama yake. Mkono ukitikisika, alama zote zinavutwa upande mmoja, kinukta cha mwanga kwenye jicho la ndege kinakuwa kamstari, na mistari yote kwenye picha inaelekea huko huko. Fokasi ikikosea, kuna sehemu nyingine kwenye picha iko shapu kabisa, labda jani la mbele au tete la nyuma, ila ndege mwenyewe ndo kafifia. Lenzi ikiwa na kipande cha kioo kilichokaa upande, yaani hakijanyooka ndani, upande mmoja wa picha unakuwa laini kila siku, picha zote, kulia tu au kushoto tu, hata upige ukuta. Na hewa ikichezacheza, hiyo ina alama ya peke yake ambayo nitaieleza kwa urefu maana ndo ilikuwa mchawi mkubwa kwenye kisa hiki.

Basi tukagawa picha zake. Tulivyomaliza zikatokea rundo tatu tofauti kabisa, na kila rundo lina sababu yake, ila yeye alizitazama zote pamoja akaona lenzi moja mbovu. Ukiwa na matatizo matatu kwa wakati mmoja ni rahisi sana kuamini ni moja kubwa.

Rundo la kwanza lilikuwa korongo. Korongo wa kijivu amesimama ng'ambo ya tope lililokauka, kwa kukadiria mita 80 hivi mpaka 100, saa sita mchana, jua la utosi. Shata, yaani muda senzori inaopokea mwanga, 1/1600 ya sekunde, kamera juu ya tripodi, fokasi imeshika kichwa. Kwa maandishi hapo hakuna kosa. Ila ukikuza, jicho halina duara, lina kitu kama yai lililobonyea, ukingo wa mdomo una mawimbi madogo, na manyoya ya shingo yamekuwa kama yamepakwa rangi kwa brashi. Sasa angalia mfululizo, maana alibonyeza akaachia picha nyingi mfululizo na korongo hakusogea hata kidogo, wale ndege wanaweza kusimama hivyo muda mrefu sana. Picha ya kwanza mdomo umepinda kidogo juu, inayofuata umepinda chini, ya tatu inakaribia kuwa nzuri, ya nne jicho limepotea. Fokasi ile ile, mpangilio ule ule, sekunde ile ile. Nikamuuliza, lenzi inaweza kuharibika na kupona ndani ya sekunde moja? Hapo akanyamaza akaanza kuzirudia mwenyewe moja moja.

Hiyo ni hewa, hewa ile ile inayoleta mazigazi barabarani. Ardhi ikipigwa na jua inapasha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inapanda na ya baridi inashuka, na mwanga unapopita kwenye hewa za joto tofauti unapinda kidogo kidogo kila mahali. Ni kama unavyoona kitu kilichoko ng'ambo ya moto kinavyocheza. Kwa macho ya kawaida huoni kitu kwenye mita 80, ila lenzi ya 600 inaona, na hesabu yake haina ugumu. Senzori ya APS-C ya megapikseli 24 ina pikseli za karibu maikromita 3.9, ukiweka mbele yake milimita 600 basi pikseli moja, kwenye mita 100, inafunika takriban milimita 0.65 za mnyama. Yaani hewa ikiupindisha mwanga kiasi cha milimita mbili tatu tu huko kwa korongo, tayari umeshaharibu pikseli tatu mpaka tano, na unyoya mwembamba wote umeishia hapo. Ukiwa na lenzi ya 200 mahali pale pale hewa ni ile ile lakini pikseli moja inafunika karibu milimita mbili, kwa hiyo ubaya unajificha. Ndo maana mtu anasema "lenzi yangu ya zamani ilikuwa shapu kuliko hii", na kwa anachokiona anasema kweli, ila lenzi ya zamani haikuwa inaona vya kutosha kuonyesha tatizo.

Na hapa naomba nisisitize kitu maana watu wanapoteza muda mwingi sana. Hewa ikicheza hakuna kitu ndani ya kamera kitakachokusaidia. Tripodi haisaidii, kamera imetulia lakini picha imeshaharibika ikiwa njiani kabla haijafika kwenye kioo. Stabilaiza, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono, haisaidii kwa sababu hiyo hiyo. Ukiongeza shata mpaka 1/4000 unachopata ni kwamba ule ukungu unakuwa umeganda, mdomo uliopinda unaonekana vizuri kwamba umepinda. Programu za kunoa picha ndo mbaya zaidi, zile za kisasa zinakutengenezea manyoya ambayo ndege hana, zinakisia tu, na ukiijua spishi vizuri unaona kabisa kwamba huyu siye. Mimi hilo silipendi hata kidogo, picha ya mnyama ina thamani kwa sababu mnyama alikuwa vile.

Kinachosaidia ni vitu viwili tu, saa na umbali. Saa, yaani asubuhi mapema kabla ardhi haijapata moto, au siku ya mawingu mazito, au baada ya mvua. Umbali, yaani sogea. Ukipunguza umbali nusu, unapunguza hewa ya kupita na wakati huo huo ndege anakuwa mara mbili kwenye fremu, unafaidika mara mbili. Kuna na jambo la urefu kutoka ardhini ambalo wapiga ndege linatuuma: sisi tunapenda kulala chini kabisa ili jicho la lenzi liwe sawa na jicho la ndege, picha inapendeza kweli, lakini hewa mbaya kuliko zote ni ile iliyo sentimita chache juu ya ardhi, na ukilala mwanga wote kutoka kwa ndege unakuja ukiteleza ndani ya hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi mchana nalala chini kama ndege yuko karibu tu, mita 10 au 15, akiwa mbali nasimama, au naacha kupiga kabisa nakaa naangalia tabia yake.

Ukipigia ndani ya gari ni hivyo hivyo, injini ikiwaka joto la boneti linapanda mbele ya lenzi yako, na kama ndani kuna baridi ya eya kondishena na nje moto, dirishani pale hewa zinachanganyika na kila kitu kinafifia. Zima injini, fungua dirisha, subiri joto la ndani na nje lilingane. Kuna na wanaosahau kwamba hata ndani ya kofia ya lenzi, lile bomba la kukinga jua mbele ya kioo, hewa inanasa, ukitoa lenzi kwenye baridi ukaileta kwenye joto kwa ghafla, ile hewa iliyoko kwenye kofia inacheza mbele ya kioo kwa muda. Ipe muda kwanza, au vua kofia dakika kadhaa.

Tulihakikisha. Tukarudi pale pale kabla jua halijapanda, tukaweka tripodi tukaielekeza kwenye kigingi kilichokuwa ng'ambo, umbali ule ule wa korongo, hatukugusa kitu, kila baada ya muda tunapiga mfululizo mfupi kwa taima ya sekunde mbili. Picha za mwanzo unahesabu nyufa za kile kigingi. Jua lilivyoanza kuchoma, zinaanza kutofautiana zenyewe kwa zenyewe, moja nzuri moja mbaya. Kufika karibu na mchana hamna nzuri tena. Lenzi haikuguswa hata na kidole. Kama una shaka na lenzi yako fanya jaribio hili kabla ya jingine lolote, halihitaji kifaa cha ziada, linahitaji subira tu.

Rundo la pili lilikuwa la mdiria, na hili lilimuuma zaidi maana mdiria alikuwa karibu, mita sita hivi, juu ya tawi lililoinamia maji, mwanga mzuri wa asubuhi, nafasi ambayo mtu anaisubiri sana. Picha zote ndege kafifia, lakini matete ya nyuma yake, mbali kidogo, yako shapu mpaka unaona vidoa kwenye majani. Kila picha. Yeye akasema hii ndo ile lenzi inayofokasi nyuma, nimeisoma, kuna marekebisho yake kwenye menyu, siyaoni. Ni kweli yalikuwepo marekebisho hayo kwenye DSLR, kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, kwa sababu kule fokasi inapimwa na senzori tofauti iliyoko chini ya kioo hicho, na ikipishana kidogo na senzori ya picha basi picha zote zinakosea mbele au nyuma kwa kiasi kile kile. Kamera yake haina kioo hicho, inafokasi kwa senzori ile ile inayopiga picha, kwa hiyo sababu hiyo haipo.

Nikamwambia niletee lenzi nione vitufe vya pembeni. Nyingi za lenzi hizi zina swichi ya kuzuia fokasi: ukiiweka kwenye mwendo wote inatafuta kuanzia karibu kabisa mpaka mbali kabisa, ukiiweka kwenye mita 10 na kuendelea inakataa kuja karibu zaidi ya hapo. Ni swichi nzuri sana kwa ndege wanaoruka mbali, fokasi haihangaiki kwenda na kurudi. Ya kwake ilikuwa kwenye mita 10 na kuendelea, hivyo ndivyo ilivyotoka kwenye boksi au ilisogezwa kwenye begi, hatujui na haina haja ya kujua. Mdiria yuko mita sita. Lenzi ilijaribu kuja, ikafika mita 10 ikagonga ukuta, ikashika kilichokuwepo huko ambacho ni matete. Tukageuza swichi, tukaweka jani mita sita, fokasi ikaruka ikashika mara moja.

Hapo hapo tukazungumzia kina cha fokasi maana kinahusika. Kwenye 600 na apecha 6.3, kwa senzori yake ya APS-C, ukiwa mita 10 kina cha eneo lililo shapu ni sentimita 7 hivi, jumla, mbele na nyuma. Mita sita ni chini ya sentimita 3. Mdiria akigeuza kichwa kidogo, ncha ya mdomo iko ndani ya fokasi na jicho liko nje. Kwa hiyo hata lenzi ikiwa nzima na swichi ikiwa sawa, karibu vile ni lazima ulenge jicho lenyewe, ukilenga kifua unapoteza jicho. Kamera za sasa zinatambua jicho la ndege zenyewe na kwa kweli zimetupunguzia kazi sana, ila matawi yakiwa mengi mbele zinachanganyikiwa, hapo rudi kwenye nukta moja ndogo ya fokasi ulenge mwenyewe.

Sasa rundo la tatu. Hili ndo lilinipa kazi, na ndo lilinifanya kwa muda nifikirie kwamba labda lenzi kweli ina kasoro. Picha za swala wawili, mita 30, asubuhi, hewa tulivu, shata ya kutosha, fokasi iko kwenye jicho, na bado kuna ulaini mdogo. Ukiangalia kwa simu huuoni. Ukikuza unauona, nywele za sikio hazijatenganika, zina kama kivuli chepesi pembeni, na nyuma kwenye nyasi zilizofifia, badala ya ule ukungu laini mzuri kuna mistari mistari, kama vitu viwili viwili vimepandiana. Sio upande mmoja wa picha, ni picha nzima. Sio hewa, maana mfululizo wote unafanana. Mkono nao hapana, hakuna mwelekeo.

Nikamuuliza kuna kitu mbele ya lenzi? Akasema ndiyo, filta ya kulinda kioo, alipewa pamoja na begi. Basi.

Naomba nieleze kwa nini, maana wengi wanasema mimi nina filta hiyo hiyo kwenye lenzi yangu ya kawaida na haina tatizo, na wanasema kweli. Kwenye lenzi fupi, mwanga unaotengeneza nukta moja ya picha unapita kwenye kieneo kidogo tu cha filta, kieneo kidogo kikiwa na mabonde hakina madhara makubwa. Kwenye 600 ya 6.3, gawa 600 kwa 6.3 unapata 95, yaani kila nukta ya picha inatumia duara la mwanga la milimita 95, ambalo ndo karibu kioo chote cha mbele, kwa hiyo inatumia filta nzima. Filta ya kipenyo hicho isiyosagwa vizuri, isiyo bapa kweli kweli, inakuwa kama umeongeza lenzi dhaifu mbele ya lenzi nzuri iliyochukua watu miaka kuichora. Hata ile mistari kwenye ukungu wa nyuma inatoka hapo. Kuna filta nzuri za ukubwa huo, sikatai, lakini mimi kwenye lenzi ndefu siweki kitu, kofia ya lenzi inalinda kioo vizuri kabisa dhidi ya matawi na vidole, na filta naiona ina nafasi tu kukiwa na mchanga unaopeperuka au maji ya chumvi yanayoruka.

Tukavua. Tukafanya jaribio la ukuta, na hili nalieleza jinsi tulivyofanya maana watu wanalifanya vibaya halafu wanaogopa bure. Tulibandika vipande vya gazeti ukutani, moja katikati na nne kwenye pembe za fremu, ukuta uwe sambamba na kamera kadri inavyowezekana, kivulini, mapema, umbali wa mita 12 hivi. Tripodi nzito, stabilaiza imezimwa (baadhi ya lenzi zinajua zenyewe kwamba ziko kwenye tripodi, nyingine zinaanza kutafuta mtikisiko ambao haupo, kwa hiyo kwenye jaribio zima tu), taima ya sekunde mbili, shata ya kielektroniki. Na jambo ambalo wengi wanaliruka: kabla ya kila picha unaharibu fokasi kwa makusudi, unaipeleka mbali unaiacha irudi yenyewe, halafu picha nyingine unaileta karibu unaiacha irudi. Ukipiga moja tu unaweza kuwa unapima bahati ya fokasi na sio kioo. Tukapiga kwenye 150, 300, 400, 500 na 600, kila moja kwa apecha yake ya wazi, kisha 8, kisha 11.

Majibu yake: pembe zote nne zinafanana, kwa hiyo hakuna kipande kilichokaa upande. Tukageuza kamera juu chini tukarudia, bado zinafanana, na hii ni muhimu kwa sababu kama pembe moja ni laini na ukigeuza kamera ulaini ukabaki kwenye karatasi ile ile, basi ukuta wako haukuwa sambamba, ila ukihama na kamera basi ni lenzi. Kuanzia 150 mpaka 500 herufi zimesimama safi tangu apecha ya wazi. Kwenye 600 ikiwa 6.3 herufi ndogo kabisa zina ulegevu kidogo, ukiweka 8 zinakaza, 11 hazijapata faida yoyote ya kuonekana. Hiyo ndo tabia ya kawaida kabisa ya zumu nyingi za aina hii, mwisho wake ndo dhaifu kidogo, na ukizijua tabia zake unaishi nazo vizuri: mwanga ukiwepo unaweka 8, ukiwa haba unaacha 6.3 na unakubali, maana picha ya 6.3 yenye shata nzuri inaishinda picha ya 8 iliyotikisika kila siku.

Filta ikarudishwa mbele kwa makusudi tukapiga tena ile 600. Herufi zikapata kivuli. Hapo hata yeye hakuhitaji maelezo.

Kuna picha chache zilizobaki ambazo hazikuingia kwenye rundo lolote, za kunguru akiruka kwa shata 1/500, mwili uko shapu na mbawa zimefutika. Hizo hazina kesi, ndege anayeruka anataka 1/2000 na zaidi, wale wadogo wanaopiga mbawa haraka hata 1/3200. Watu wanakariri kanuni ya moja gawanya kwa milimita, na kwa senzori ya APS-C unazidisha na 1.5, unapata 1/900 kwa 600, ni kanuni nzuri ila inahusu mkono wako peke yake. Mnyama ana kanuni yake. Stabilaiza inatuliza mkono, haimtulizi mnyama.

Nikaona tuzungumze pia jinsi anavyoishika, maana lenzi za aina hii nyingi zinazunguka kilo mbili na siku ile ya kwanza alishika mkono wa kushoto karibu na kamera, uzito wote ukawa unavuta mbele na viganja vinatetemeka. Kiganja cha kushoto kiende mbele chini ya lenzi, mguu wa tripodi wa lenzi ukae kwenye kiganja, viwiko viguse mbavu. Na usisubiri mpaka misuli ichoke ndo ushushe, ukishaanza kutetemeka huko nyuma ya kioo unaona dunia nzima inacheza. Kutafuta ndege nako kuna namna: 600 kwenye APS-C inaona upana wa mita mbili tu kwenye umbali wa mita 50, ukinyanyua kamera ikiwa imezumiwa mpaka mwisho unakuta anga tupu unahangaika huku ndege anaondoka. Anza na 150, mpate, mweke katikati, halafu zungusha huku unamwangalia. Baada ya muda mikono inajifunza yenyewe.

Ila jambo ambalo nililisema kwa mkazo kuliko yote ni la umbali, maana naona ndo mzizi wa yote. Watu wananunua 600 ili wapige vitu vilivyo mbali. Mimi naamini 600 ni ya kupiga kitu kidogo kilicho karibu. Chukua ndege wa sentimita 25, mita 50, kwenye kamera yake anachukua sehemu moja ya nane ya upana wa picha, inabidi ukate picha sana na unabaki na pikseli chache na hewa nyingi ndani yake. Ndege huyo huyo mita 15, anachukua karibu nusu ya fremu, kila unyoya upo. Hakuna lenzi itakayokupa hiyo mita 50, hata ile ya wakubwa ya apecha 4. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wa lenzi ndefu ni kukaa: kujua ndege anarudi kwenye tawi gani, kukaa mapema kabla hajafika, kuacha aje mwenyewe. Sio kumfuata. Ndege akiacha kula akanyoosha shingo anakutazama, umeshamkaribia kupita kiasi, akirudia hivyo rudi nyuma, na kama ana kiota usiende kabisa. Mdiria yule alikuwa mita sita kwa sababu dada alikaa kimya kando ya maji muda mrefu, hiyo kazi aliifanya vizuri sana tangu siku ya kwanza, swichi tu ndo ilimnyima.

Lenzi haikurudishwa. Tulivyomaliza akaniuliza kuhusu konverta ya 1.4, kile kikuzaji kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kwamba akiiweka atafika 840 atampata yule korongo wa ng'ambo. Konverta ya 1.4 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, 6.3 inakuwa 9, asubuhi mapema ambapo hewa ndo nzuri mwanga wenyewe ni haba tayari na ISO (wepesi wa senzori kwa mwanga) iko juu, sasa unaipandisha mara mbili tena, na ule ulegevu mdogo wa 600 unakuzwa pamoja na picha. Mchana ambapo mwanga upo, hewa inacheza, na konverta inaukuza huo mchezo pia. Kwa lenzi ya 6.3 sioni saa ambayo inamsaidia. Akaiacha, akaniuliza ile ng'ambo ya tope kuna mahali pa kukaa kivulini alfajiri bila kumsumbua korongo, tukaanza kuangalia ramani.